Kichina cha Leokadia

Leokadia hakuwahi kuupenda ukimya. Alizaliwa Nyololo, kando ya barabara kuu, katika nyumba ya bibi ambaye hakujua Kiswahili hata cha kuombea chumvi, na kila Jumapili baada ya misa kazi yake ilikuwa kumgeuzia bibi mahubiri ya padri kwa Kibena. Padri akisema maneno kumi, Leokadia alitoa thelathini. Yale ishirini ya nyongeza yalikuwa matamu kuliko ya padri, na bibi, Mungu amrehemu, alikufa akiamini kwamba Mtakatifu Petro alikuwa na mke mkorofi aliyemfichia nyavu. Hakuna aliyeumia kwa hilo. Pengine ndiyo sababu mtoto yule alikua akidhani kwamba neno la kuongezea halimdhuru mtu.

Mwaka 1974 ulimkuta Usangu, ana miaka ishirini na sita, katika kijiji kipya kiasi kwamba watu walikiita hivyohivyo, Kijiji Kipya. Serikali ilikuwa imewakusanya watu wakae pamoja: Wasangu wenyeji, Wabena, Wahehe waliotoka upande wa Idodi, na nyumba chache za Wasukuma walioshuka na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Nyumba zilipangwa kwa kamba, mistari imenyooka, na mtu aliamka asubuhi akatazamana na jirani asiyemjua ukoo wala asili. Mume wa Leokadia, Crispin, alikuwa mbali kupita Mbeya na kikosi cha kutandika reli, akirudi mara moja kwa mwezi. Leokadia mwenyewe alipata kibarua kwa Wachina, kwenye kambi ya reli iliyopakana na kijiji, katika bustani ya mboga.

Huko ndiko alikojifunza Kichina, kama kile kinastahili kuitwa Kichina. Alijua maji, mbolea, kabichi, haraka, bado, nzuri. Maneno arobaini hivi, yote ya bustanini. Lakini aliyatamka kwa sauti ya juu na bila haya, na mzee wa bustani, Mchina mwembamba mwenye kofia ya majani, alikuwa akicheka mpaka anashika kiuno. Wanakijiji waliopita njiani walisikia maneno, wakasikia kicheko, wakaamini kwamba Leokadia na Wachina wanaelewana mpaka mambo ya ndani. Wakamwita Mama Mchina. Hakuwasahihisha, maana jina lilimkaa vizuri.

Kila Jumamosi jioni kambi ilionyesha sinema. Shuka kubwa lilifungwa kati ya nguzo mbili uwanjani, jenereta ikanguruma, na watu wakakaa pande zote mbili za shuka. Waliokaa nyuma waliona mambo yamegeuka, wa kushoto yuko kulia, na hawakujali. Mkalimani wa kambi, Ndugu Liu, kijana aliyekisoma Kiswahili chuoni na kukisema kama anasoma gazeti, alisimama kando akieleza. Mwezi wa kumi Liu alihamishiwa kambi ya Chimala. Jumamosi ya kwanza bila yeye, watu walitazama midomo ikicheza, wakarudi nyumbani wamenuna. Jumamosi iliyofuata Paskalina, jirani yake Leokadia, akasema watu wote wasikie, "Si tunaye Mama Mchina?"

Angeweza kukataa. Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akaenda mbele.

Sinema ya siku ile haikuwa ya matrekta na viwanda kama walivyozoea. Ilikuwa ya zamani, ya kijiji kimoja cha milimani ambako kila ukungu ukishuka mtu mmoja anapotea, na asubuhi viatu vyake vinakutwa vimepangwa kando ya kisima. Wazee wa kijiji wanatetemeka, wanatoa magunia ya nafaka kwa pepo wa ukungu. Ndipo anatokea msichana mmoja kutoka mbali, kofia pana kichwani, upanga umefungwa kwenye kitambaa mgongoni. Anaruka ukuta kama anavuka mfereji. Anatembea juu ya mapaa bila kigae kulia. Lakini kilichowashika watu zaidi ni jinsi alivyopeleleza: alinusa kamba ya kisima, akapima nyayo kwa shubiri yake, akawauliza wakubwa maswali mpaka wakatokwa jasho. Wanawake wa Kijiji Kipya walikuwa hawajaona jambo kama hilo, mwanamke anauliza na wanaume wanajikuna.

Leokadia akampa jina, Rozalia. Akampa na maneno, na ukoo, na uchungu wa kutafuta nani anakula watu wa kijiji kile. Kwa Kichina cha kabichi na mbolea alitafsiri hila, vitisho na mauaji, na watu walimsikiliza kwa midomo wazi. Moyo wake ulikuwa umejaa. Tangu bibi afe hakuwa amepata wasikilizaji wa namna ile.

Kisha akatokea mwanamke mwingine. Alikuwa mtu mzima, amevaa nguo nyeupe kuanzia kichwani mpaka miguuni, nywele amezifungua, mkononi ana bakuli. Alipita katikati ya ukungu peke yake mpaka makaburini, akapiga magoti, akamwaga kilichokuwa kwenye bakuli, akawa anasema na udongo.

Watu wakanyamaza wakisubiri. Leokadia hakuwa na la kusema. Kwao Nyololo mfiwa huvaa kaniki, nyeusi tititi, na anayekwenda makaburini gizani na nguo nyeupe kwenda kusema na udongo hana mashauri mema na mtu. Ukimya ukarefuka. Akaukata.

"Huyo ndiye mchawi mwenyewe," alisema. "Rozalia bado hajamjua. Lakini nyinyi mshamwona."

Uwanja mzima ukavuta pumzi. Na kutoka katikati ya watu sauti ya Paskalina ikasema, nusu kwa utani, "Mbona kama Mama Seni wetu?"

Watu wakacheka. Mama Seni alikuwa Msukuma mjane wa nyumba ya mwisho. Mwanawe Seni alikuwa mbugani na ng'ombe, na mumewe alikuwa wa kwanza kuzikwa katika kijiji kile. Kila alfajiri mama huyo alijitanda shuka lake jeupe la amerikani, akachukua bakuli la unga uliokorogwa na maji, akaenda kumwagia kaburi. Watu walikuwa wameshamwona mara nyingi. Hakuna aliyewahi kusema neno.

Leokadia naye alicheka. Laiti angeishia hapo. Alikuwa amenogewa, watu wanamtazama yeye kuliko shuka, akajibu, "Kumbe wa kwetu mnamjua, basi sina haja ya kueleza."

Muda mfupi baadaye mashine ikazimwa. Mikanda ya sinema ile ilikuwa inazunguka kambi kwa kambi, na sehemu iliyobaki ingefika Jumamosi inayofuata. Watu walitawanyika wakibishana. Leokadia alikwenda nyumbani akiwa na furaha, akalala.

Jumapili, watoto waliokuwa wakicheza njiani walimwona Mama Seni anakuja na kuni, wakatimka kama wameona chui. Watu wazima walitabasamu. Jumatatu, kisimani, wanawake watatu walisogeza ndoo zao mbali na ndoo yake, na hakuna aliyetabasamu. Surua ilikuwa imeingia kijijini tangu mwezi uliopita na ilikuwa imeshachukua watoto wawili. Kabla ya Jumamosi ile watu waliiita surua. Baada ya Jumamosi wakaanza kuiita "jambo hili", huku wakitupa macho kuelekea nyumba ya mwisho.

Jumanne mtoto wa Tadeo akashikwa na homa. Tadeo alikuwa Mhehe wa Idodi, balozi wa nyumba kumi za mstari ule, mtu wa haki na mkatoliki wa kusali mpaka magoti yakaota sugu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Matilda, wa miaka minne, aliyempata baada ya kungoja miaka tisa. Leokadia alikwenda kumjulia hali, akamkuta mkewe Tadeo, Lusia, amempakata mtoto, na Tadeo amekaa kizingitini anamenya kijiti kwa kisu bila kukitazama.

"Mama Mchina," alisema Tadeo, "yule mama wa nguo nyeupe, kwenye ile sinema, alikuwa anamwaga nini?"

Leokadia alijifanya anamtazama mtoto. "Sikuona vizuri, shemeji."

"Ulisema ndiye."

"Nilisema, ndiyo. Lakini ile ni sinema tu."

"Sinema imetengenezwa na watu walioona," alisema Tadeo. "Watu hawawezi kutengeneza kitu ambacho hakipo."

Leokadia alirudi nyumbani. Kwa mara ya kwanza tangu utoto alijiuliza swali la kweli: yule mwanamke wa nguo nyeupe ni nani hasa? Hakujua. Alikuwa amemhukumu mtu mbele ya kijiji kizima kwa sababu tu alichoka kunyamaza. Na mwenyekiti wa kijiji, ambaye angeweza kumtuliza Tadeo, alikuwa kwenye semina Mbeya mpaka wiki ijayo.

Jumatano alimwomba ruhusa mzee wa bustani, akapanda lori la kokoto mpaka Chimala. Alimkuta Ndugu Liu amekaa na makaratasi, akamsimulia yote, akianza na kisima na viatu. Alipofika kwa mwanamke mwenye bakuli, Liu aliweka kalamu chini.

"Dada Leokadia, kwetu sisi nguo nyeupe ni nguo za msiba," alisema kwa Kiswahili chake cha kupiga pasi. "Mama huyo amefiwa na mume. Anampelekea marehemu chakula, na kumweleza habari za nyumbani. Ni desturi ya wazee wetu. Wewe uliwaeleza watu nini?"

Leokadia alitazama vidole vya miguu yake. Chakula kwa marehemu. Bibi yake mwenyewe, pamoja na rozari shingoni, alikuwa akienda na pombe na unga kwenye makaburi ya wazee kila kabla ya kupanda. Kila nyumba ya Wabena na Wahehe ililijua jambo hilo, hata zile zilizojifanya zimeliacha. Angelitambua hapohapo kama si ile nguo. Rangi tu ndiyo iliyompoteza.

"Niliwaambia ni mchawi," alisema.

Liu hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Alisema Jumamosi hawezi kuja, anaondoka na mainjinia. Sinema yenyewe aliwahi kuiona mwanzo tu, mwisho wake haujui. Aliandika maneno machache kwenye karatasi kuthibitisha habari ya nguo nyeupe, akaigonga muhuri wa kambi kwa heshima zote.

Lori la kurudi halikupatikana mpaka Alhamisi mchana. Alipokaribia kijijini alisikia vilio, akajua kabla hajauliza. Matilda alikuwa amefariki asubuhi. Daktari wa kambi alikuwa amemchoma sindano, lakini surua ilikuwa imeshashuka kifuani.

Walizika Ijumaa. Baada ya mazishi, wanaume wamekaa upande mmoja na wanawake upande mwingine, Leokadia alivunja adabu akaenda kwa wanaume na karatasi yake mkononi. Akaeleza. Alisema nguo nyeupe ni msiba, kwamba mkalimani mwenyewe amesema, muhuri huu hapa. Tadeo aliisoma karatasi, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Wiki iliyopita ulikijua Kichina," alisema kwa upole kabisa. "Leo hukijui?"

"Sikukijua hata wiki iliyopita, shemeji. Niliwadanganya."

"Au unatudanganya leo. Maziwa unayokunywa yanatoka kwa nani?"

Ilikuwa kweli kwamba Mama Seni alimletea maziwa mara mbili kwa wiki. Wanaume wakatazamana. Tadeo akasema, bado kwa sauti ileile, "Kesho jioni watu wote watakuwa uwanjani. Tutatoka pale pamoja. Sitaki mtu aseme baadaye kwamba hakuwepo." Hakutaja wanatoka kwenda wapi. Bartolomeo, mdogo wake, alikuwa ameshaanza kufunga vishungi vya nyasi kavu vya kuwashia moto.

Leokadia alikwenda moja kwa moja nyumba ya mwisho. Mama Seni alikuwa uani anapepeta mtama. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono mirefu, uso umetulia kiasi cha kuudhi.

"Mama, ondoka leo. Nenda kwa Seni mbugani. Nitakusindikiza mpaka barabarani."

Mama Seni aliendelea kupepeta. "Nimehama mara tatu mwanangu. Kila nilipohama niliacha kaburi nyuma. Hili hapana, nimechoka kuacha watu."

"Watachoma nyumba."

"Nimesikia."

"Ni mimi, mama," alisema Leokadia, na machozi yakamtoka kwa hasira zaidi kuliko huzuni, hasira juu ya mdomo wake mwenyewe. "Mimi ndiye niliyesema maneno yale."

"Najua," alisema Mama Seni. "Sauti yako inafika mpaka hapa."

Hakusema kwamba amemsamehe, wala Leokadia hakuthubutu kuomba. Alimsaidia kupepeta mpaka mtama ukaisha, kisha akarudi kwake. Usiku ule hakulala.

Jumamosi uwanja ulijaa mapema. Wanaume wa mstari wa Tadeo walikaa pamoja, na chini ya makoti yao vilionekana vipini vya mapanga. Vishungi vya Bartolomeo vilikuwa vimelazwa nyuma yao kama mizigo ya watu wanaosafiri. Lusia alikuwepo pia, ndani ya kaniki yake, ameketi na wanawake, macho yamevimba. Mfiwa wa siku mbili hatoki nje, lakini Tadeo ndiye aliyemleta, maana alitaka ashuhudie. Mama Seni hakuja. Kwa mbali taa yake ilionekana, ndogo, upande wa mwisho wa mistari ya nyumba.

Leokadia alisimama mbele ya shuka kabla mashine haijawashwa.

"Mimi sijui Kichina," alisema. "Najua kabichi. Najua mbolea na maji. Yote niliyowaambia niliyatunga hapahapa nimesimama. Yule mama wa nguo nyeupe si mchawi, amefiwa na mumewe. Kwao nyeupe ndiyo kaniki yao."

Kwanza watu walicheka, wakidhani ni utani wake. Walipomwona hacheki, kicheko kikageuka manung'uniko. Paskalina akasema kwa sauti ya kuomba, "Wewe tafsiri tu dada, watu wamekuja kutoka mbali." Mwingine akapaza sauti kwamba amehongwa. Tadeo alimtazama tu, kama mtu anayengoja gari lake.

"Sitafsiri tena," alisema Leokadia. "Neno moja halitoki kwangu. Mnayo macho, tazameni wenyewe."

Akakaa chini, akaziba mdomo kwa kiganja, na mashine ikaanza.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Watu walimgeukia kila midomo ilipocheza, na yeye akazidi kubana. Rozalia wao alipanda mlima, akapigana na watu watatu kwenye daraja la kamba, akaokota ufunguo ndani ya kisima. Watu walipiga mbinja. Kisha ukungu ukashuka, na yule mama wa nguo nyeupe akatokea na bakuli lake. Mbinja zikakoma. Leokadia alisikia nyuma yake chuma kikigusa chuma. Bartolomeo alikuwa ameinuka, ana kishungi mkononi, akimngoja kaka yake aseme.

Tadeo alimshika mkono. "Iishe kwanza," alisema.

Pale kwenye shuka Rozalia alikuwa akirudi kutoka mlimani. Alikuta watu wamesimama mlangoni kwa mzee aliyemfundisha upanga, yule aliyekuwa akimpa chai na kumfunga jeraha, ambaye Leokadia, wiki iliyopita, alikuwa amewaambia watu ni baba yake. Mzee alikuwa amelala juu ya ubao, viatu vyake vimepangwa kando. Rozalia hakulia. Aliingia chumbani akafunga mlango, na mlango ule ukabaki kwenye shuka muda mrefu.

Alipotoka alikuwa amevaa nyeupe. Kichwani nyeupe, kiunoni nyeupe, nywele amezifungua, na mkononi bakuli. Alipita mbele ya watu wa kijiji chake bila kumtazama mtu, akaenda makaburini, akapiga magoti kando ya yule mama, na wote wawili wakamwaga kwenye udongo na kusema na wafu wao.

Jenereta peke yake ndiyo iliyosikika. Halafu mwanamke mmoja, Yudith, ambaye hakuwahi kusema mbele za watu, akasema polepole, "Jamani, Rozalia amefiwa."

Ndipo Lusia alipoanza kulia. Alikuwa akilia kama alivyolia Alhamisi, kwa kina, akimwita Matilda kwa jina, na wanawake wakamzunguka, na wengine waliokuwa wamezika watoto mwezi ule wakalia pamoja naye. Leokadia aligeuka kumtafuta Tadeo. Nafasi yake ilikuwa tupu. Bartolomeo alikuwa amesimama na kishungi chake hajui la kufanya nacho, na panga la kaka yake halikuwepo.

Leokadia hakuona mwisho wa sinema ile. Mpaka leo hajui nani alikuwa akiwala watu wa kisima, na ukimsimulia anakunyamazisha. Alikimbia kupita mistari ya nyumba, ameshikilia kanga, akitegemea kusikia kelele wakati wowote. Alimkuta Mama Seni ameketi mlangoni na taa yake. Hakuna mtu aliyekuja, alisema. Leokadia akaketi kando yake, na wakakaa hivyo wakisikiliza. Mbwa akibweka walishikana mikono.

Kulipoanza kupambazuka Mama Seni aliinuka, akakoroga unga kwenye bakuli, akajitanda shuka lake.

"Leo usiende, mama," alisema Leokadia.

"Mume wangu hajui kwamba leo ni leo," alijibu Mama Seni, akashika njia.

Leokadia alimfuata. Kaburi lilikuwa nyuma ya mti wa mgunga, hatua mia mbili kutoka nyumba ya mwisho, na kabla hawajafika waliona mtu amesimama pale. Alikuwa Tadeo. Koti lake lilikuwa limelowa umande, ishara kwamba amekuwepo muda mrefu. Panga lilikuwa mkononi, limeinama chini. Leokadia alipita mbele ya Mama Seni, akasimama katikati ya njia bila kujua atafanya nini na mikono yake mitupu, na kwa mara ya pili katika maisha yake hakuwa na neno la kuongezea.

Tadeo hakumtazama. Alimtazama mwanamke aliyekuwa nyuma yake, na bakuli.

"Unamwambia nini?" aliuliza. "Kila siku ukija hapa. Unamwambia nini marehemu?"

Mama Seni alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa njia.

"Habari za nyumbani tu," alisema. "Ng'ombe yupi kazaa. Seni kaleta salamu. Mvua bado." Kisha akaongeza, kwa sababu ilikuwa kweli, "Wiki hii nimemwambia kwamba watu wa hapa hawanisalimii tena."

Tadeo aliliachia panga likaanguka kwenye majani. Alisimama, baba ambaye kaburi la mwanawe halijakauka udongo, na Leokadia akaona anatafuta neno, analigeuzageuza kinywani kama chakula cha ugenini. Lilikuwa neno la salamu ambalo marehemu, Msukuma yule, alikuwa akilisema mlango kwa mlango kila asubuhi siku za kwanza za kijiji, na Wahehe walimcheka kwa ajili yake.

"Mwangaluka, mayu," alisema Tadeo.

"Mwangaluka," alijibu Mama Seni, akampita, akapiga magoti kwenye kaburi la mumewe. Akamwaga nusu ya bakuli. Nusu iliyobaki akamnyooshea Tadeo, akamwambia ampelekee mtoto kabla jua halijawa kali.